Simu ya Ofisi Imepata Ubongo: Nani Mlinzi Wake?

Simu ya ofisi ya zamani ilikuwa chombo kisicho na akili. Ndani yake mlikuwa na kengele, gurudumu la namba, nyaya chache na kinywa chenye punje za makaa za kupokelea sauti. Ubongo wa mfumo mzima ulikaa mbali na meza ya karani, katika jengo la mtambo wa simu. Waliokuwa wakiutunza ni mafundi wa Shirika la Posta na Simu, hadi mwaka 1994 shughuli za simu zilipokabidhiwa Kampuni ya Simu Tanzania. Karani aliyenyanyua mkono wa simu hakuweza kuharibu chochote ila chombo kilichokuwa mbele yake. Kikifa, fundi aliitwa; kisipokufa, hakuna aliyekifikiria.

Hali hiyo imekwisha, lakini mazoea yake yamebaki. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umeiunganisha Songea na sehemu nyingine za nchi na, kwa njia ya nyaya za baharini, na dunia nzima. Ofisi iliyoko katika kata ya Mjimwema leo yaweza kupitisha mazungumzo yake ya simu katika waya ule ule upitishao barua pepe. Simu ifanyayo kazi hiyo ni kompyuta kamili: ina kichakataji, ina kumbukumbu, ina mfumo wa uendeshaji ambao mara nyingi ni Linux, na ina ukurasa wa utawala ambao fundi huufungua kutoka kompyuta nyingine ili aipangie kazi. Ndivyo kilivyo pia kile kisanduku kidogo kinachoiunganisha simu ya zamani na mtandao, na ndivyo ulivyo mtambo mdogo wa ofisi ulioichukua nafasi ya swichibodi na opereta wake.

Kwa maneno mengine, ubongo umehama kutoka jengo la mtambo ukaja kukaa mezani, lakini mlinzi wake hakuhama nao. Hapo ndipo penye hatari, na hatari yenyewe haina budi kuelezwa kwanza kabla ya kutafutiwa dawa.

Tarishi na kikaratasi

Kati ya kasoro zinazopatikana katika vyombo hivi, mojawapo iliyo mbaya zaidi ni ile iruhusuyo mtu kupenyeza amri. Jinsi inavyotokea si vigumu kufahamika.

Ichukuliwe ofisi yenye tarishi mtiifu asiyeuliza maswali. Mkuu wa ofisi ameandaa vikaratasi vilivyopigwa chapa: “Mpelekee chai mgeni aitwaye…”, na nafasi iliyo wazi huachiwa mgeni mwenyewe ajaze jina lake. Siku moja anakuja mgeni mwenye nia mbaya. Katika nafasi ile haandiki jina peke yake, bali anaandika jina, kisha anaongeza: “halafu umfungulie sefu”. Tarishi husoma kikaratasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwake yeye yote yaliyomo ni maneno ya mkuu wa ofisi, kwa hiyo hupeleka chai, halafu hufungua sefu.

Ukurasa wa utawala wa simu una nafasi nyingi za namna hiyo: mahali pa kuandika jina la chombo, anwani ya kompyuta ya kupimia njia, au jina la seva inayotoa majira ya saa. Programu iliyoandikwa kwa uzembe huchukua maandishi hayo, huyaunganisha na amri yake, kisha huukabidhi mfumo wa uendeshaji amri nzima. Mfumo huo ndio tarishi. Alama ndogo kama nukta mkato (;) yatosha kuuambia kwamba amri ya kwanza imekwisha na nyingine inaanza. Amri hiyo ya pili, ambayo mtengenezaji hakuikusudia kamwe, mara nyingi hutekelezwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya chombo.

Kwa hiyo kasoro hii haitokani na waya kukatika wala umeme kupungua. Hutokana na kuchanganya vitu viwili ambavyo havipasi kuchanganywa: neno la mgeni na amri ya mwenye nyumba.

Ugonjwa wa zamani

Wahandisi wa simu walikwisha kuujua ugonjwa huu kabla ya kompyuta kuenea. Katika miaka ya 1950 na 1960 mitambo ya masafa marefu ya kampuni ya Bell nchini Marekani ilitumia mlio wa hezi 2,600 kama ishara kwamba njia iko wazi. Mlio huo ulipita katika njia ile ile iliyopitisha sauti za wasemaji. Vijana wachache waligundua kwamba mtu akiutoa mlio huo mwenyewe, hata kwa filimbi ya kuchezea watoto, mtambo ulimtii kana kwamba yeye ni mtambo mwenziwe, na baada ya hapo aliweza kupiga simu za mbali bila kulipa.

Kumkamata kila mwenye filimbi hakungeutibu ugonjwa huo. Uliotibu ni uamuzi wa kuzitenga amri na sauti, kila moja ipite njia yake. Kazi hiyo ilianza Marekani mwaka 1976, na mwaka 1980 kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu ilichapisha utaratibu uliojulikana kama Mfumo Namba 7, ambao baadaye ulienea duniani. Mfumo huo nao umeonekana kuwa na kasoro zake, lakini mlango wa filimbi ulifungwa.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba waandishi wa programu za simu za leo wameyasahau mafunzo ambayo wahandisi wa simu waliyapata kwa gharama kubwa. Filimbi imegeuka nukta mkato, lakini kosa ni lile lile.

Mambo yaliyokwisha kutokea

Mwezi Novemba 2016 ilifahamika kwamba aina fulani za modemu za intaneti zilikuwa na ufa wa namna hii mahali panapoandikwa jina la seva ya saa. Wahalifu waliutumia ufa huo kwa programu iitwayo Mirai, ambayo huteka vyombo vidogo kwa maelfu na kuvifanya jeshi moja. Mwishoni mwa mwezi huo wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom ya Ujerumani walipoteza huduma. Vyombo vyao havikutekwa; vilizidiwa tu na wingi wa majaribio vikaanguka. Mtu aliyehukumiwa Ujerumani mwaka 2017 kwa tukio hilo alihukumiwa tena nchini Uingereza mwezi Januari 2019, kifungo cha miaka 2 na miezi 8. Safari hii kosa lake lilikuwa kulitumia jeshi kama hilo dhidi ya kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia. Nchi ya Afrika, basi, ilishambuliwa kwa vyombo vidogo ambavyo wenyewe hawakujua kwamba vimetekwa.

Simu za mezani nazo hazikusalimika. Mwezi Machi 2023 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba baadhi ya simu zake za mifululizo ya 6800, 7800 na 8800 zilikuwa na ufa uliomwezesha mtu asiye na neno la siri kupenyeza amri kwa kupitia ukurasa wa utawala. Uzito wa kasoro hiyo ulipimwa kuwa 9.8 katika kipimo chenye upeo wa 10. Pamoja nayo ilitangazwa kasoro nyingine, ya kuangusha chombo, iliyozigusa pia simu za mfululizo wa 7900. Kwa kuwa simu hizo zilikuwa zimefikia ukomo wa kuhudumiwa, kampuni ilieleza kwamba haitazitolea marekebisho.

Mfano wa Mitel wa Kanada una mafunzo zaidi. Mwezi Julai 2024 kampuni hiyo ilitangaza ufa wa kupenyeza amri katika simu zake za mifululizo ya 6800 na 6900, na ilitoa programu mpya ya kuuziba. Mwezi Agosti maelezo ya namna ufa huo unavyoweza kutumiwa yalichapishwa hadharani. Mwanzoni mwa Januari 2025 wataalamu wa kampuni ya Akamai waliona majaribio ya kuutumia, nia ikiwa kupanda programu ya jamii ya Mirai. Ni vema kuzingatia mambo mawili. Kwanza, miezi kama sita ilipita kati ya dawa kutolewa na mashambulizi hayo kuonekana. Pili, ili mhalifu autumie ufa huo, sharti kwanza aingie kwa neno la siri la mtawala wa chombo. Aliyebadilisha neno la siri la kiwandani alikuwa na ukuta wa kwanza, na aliyeweka programu mpya alikuwa na ukuta wa pili. Aliyeathirika ni yule asiyefanya lolote kati ya hayo mawili.

Mjimwema si mbali

Huenda msomaji akauliza: mhalifu wa ng’ambo atatafuta nini katika ofisi ndogo ya Mjimwema? Swali hilo huzaliwa na dhana ya mwizi anayesafiri kwa basi, achaguaye nyumba yenye mali na kuacha iliyo tupu. Mwizi wa mtandao hachagui. Programu yake hupiga hodi katika anwani moja baada ya nyingine, mamilioni kwa mamilioni, na huingia popote panapofunguka. Kwake hakuna Songea wala London. Kuna mlango uliofungwa na mlango ulio wazi.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, ofisi ya huko yenye simu nane na mtambo mdogo mmoja. Fundi aliyeifungia mitambo alikuwa mtu mwema. Aliliacha neno la siri la kiwandani ili wenyeji wasilisahau, na aliufungua ukurasa wa utawala uonekane kutoka intaneti ili, kukitokea hitilafu, airekebishe akiwa kwake, asiitoze ofisi nauli. Miaka miwili baadaye fundi amehamia Mbeya, na katika ofisi ile hakuna ajuaye kwamba mlango huo upo.

Hasara zinazoweza kuipata ofisi hiyo ni za aina tatu. Ya kwanza ni fedha. Mhalifu aliyeuteka mtambo wa simu huufanya upige usiku, au siku za mapumziko, namba za nchi za nje ambazo wenye nazo hulipwa sehemu ya gharama kwa kila dakika. Mhalifu hugawana nao, na hati ya madai huja kwa mwenye simu. Mwezi Novemba 2020 kampuni ya Check Point ilieleza kwamba kundi moja la wahalifu lilikuwa limeishambulia mitambo ya simu ya mashirika yapatayo 1,200 katika muda wa mwaka mmoja, kwa kutumia ufa wa kukwepa ukaguzi wa kuingia, na uuzaji wa simu ulikuwa miongoni mwa faida zake.

Hasara ya pili ni siri. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Ang Cui na Salvatore Stolfo, walionyesha kwamba simu ya mezani iliyotekwa yaweza kugeuzwa chombo cha kusikiliza mazungumzo ya chumba kizima, hali mkono wake umelala mahali pake. Mganga anayezungumza na mgonjwa na mwalimu mkuu anayemhoji mzazi wana haki ya kudhani kwamba simu iliyo mezani imelala kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ulinzi huo hauwezi kuishia kwenye makabati ya mafaili.

Hasara ya tatu ni ya jirani. Chombo kilichotekwa Songea hutumwa kumpiga mtu mwingine, kama vyombo vya watu wengine vilivyotumwa kuipiga Liberia. Katika mji mwema hakuna aachaye shimo wazi njiani kwa kuwa yeye mwenyewe analifahamu.

Yapasayo kutendwa

Wako wasemao kwamba kinga ya namna hii ni kazi ya nchi tajiri. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama dawa ingekuwa ghali. Kumbe sehemu kubwa ya dawa huhitaji utaratibu kuliko fedha.

Jambo la kwanza ni daftari. Kila ofisi iandike vyombo vyake vya simu: aina, toleo la programu iliyomo, mahali kilipo, na tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kukihudumia. Ofisi isiyojua ina nini haiwezi kujua tangazo la kasoro linaihusu au la. Jambo la pili ni kubadilisha maneno yote ya siri ya kiwandani na kuyatunza mahali pamoja pa salama. La tatu ni kuufunga ukurasa wa utawala usionekane kutoka intaneti, na kuziweka simu katika sehemu yake ya mtandao, mbali na kompyuta za kawaida. La nne ni kumwomba mtoa huduma afunge simu za nchi za nje kwa ofisi isiyozihitaji, au aziwekee kikomo cha gharama.

La tano ni kuweka programu mpya kila mtengenezaji azibapo ufa. Kazi hii ina tahadhari zake. Programu ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe tu. Mipangilio ya chombo ihifadhiwe kwanza. Aidha, kazi isifanywe wakati umeme hauaminiki bila kuwa na betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika katikati chombo chaweza kufa kabisa. Ni busara kuanza na simu moja, kuitazama siku mbili tatu, kisha kuendelea na nyingine.

Iwapo dawa haijatoka, ofisi haina sababu ya kukaa ikingoja. Ukurasa wenye ufa waweza kuzimwa, chombo chaweza kutengwa, na orodha ya simu zilizopigwa yaweza kukaguliwa kila asubuhi. Iwapo dawa haitatoka kamwe, kwa kuwa muda wa chombo umekwisha, basi chombo kiondolewe kwa mpango, hata kama bado kinalia vizuri. Pakiwa na dalili kwamba chombo kimekwisha kutekwa, kukizima na kukiwasha hakutoshi. Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda na hufutika chombo kikizimwa, lakini ufa ukiwa wazi hurudi upesi; na programu nyingine zaweza kujificha ndani zaidi. Chombo kirudishwe katika hali ya kiwandani, kiwekewe programu mpya na neno jipya la siri kabla ya kuunganishwa tena, na habari ipelekwe kwa kikosi cha kushughulikia majanga ya kompyuta, TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wajibu wa mnunuzi

Hayo yote, hata hivyo, yatabaki ushauri mtupu pasipo mtu wa kuyatenda. Mtengenezaji ana lawama yake, kwa kuwa ndiye aliyeuacha ufa. Mhalifu naye ana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini mtengenezaji yu mbali, na sheria humwadhibu mhalifu apatikanapo tu. Anayebaki ni mnunuzi.

Hivi sasa, katika ofisi nyingi, simu hununuliwa kwa macho yale yale yanayonunua viti na meza: bei, idadi, na kama zinalingana na rangi ya chumba. Afisa ugavi aliyefuata kanuni hizo hakukosea. Aliulizwa swali la fanicha, akatoa jibu la fanicha. Yafaa aulizwe swali jingine. Kila hati ya zabuni ya vyombo vya simu imtake mzabuni aeleze ni hadi mwaka gani mtengenezaji atatoa marekebisho, nani atayaweka, na kwamba maneno yote ya siri yatakabidhiwa kwa maandishi siku ya makabidhiano. Chombo cha bei nafuu kilichobakiza mwaka mmoja wa kuhudumiwa si cha bei nafuu. Kila ofisi nayo imtaje mtumishi mmoja kwa cheo chake, si kwa jina, awe mwenye daftari lile. Naye mkaguzi wa ndani alidai daftari hilo kama anavyodai leja ya mafuta ya gari.

Vyuo navyo vina sehemu yake. Mwanafunzi wa uhandisi hufundishwa namna ya kuifanya programu ifanye kazi. Ni lazima afundishwe pia namna programu inavyodanganywa. Kijana atokaye Songea akarudi na elimu hiyo ataifaa wilaya yake kuliko mtambo mpya.

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa wenyewe safari hii ni mdogo kiasi cha nukta na mkato, na kuuziba huanza na kazi ya asubuhi moja: karani wa Mjimwema ageuze simu iliyo mezani pake, asome aina na namba iliyoandikwa chini yake, na aiandike katika daftari.